Pima Maji Ndani ya Jicho

Daktari alikuwa amefika kwenye maneno "mwembamba kuliko unywele" pale msusi alipomkatiza.

"Unywele wa nani, daktari?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye vidole vidogo na kucha zilizokatwa hadi mwisho, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba kwa miaka yote aliyowasimulia watu habari ya unywele, hakuna aliyewahi kumwuliza ni wa nani. Kwenye kiti cha wagonjwa, mume wa msusi aliguna. Alimjua mkewe.

"Nauliza kwa sababu nywele hazilingani," msusi alieleza. "Unywele wa mtoto mchanga si sawa na wa mtu mzima. Mvi ni ngumu, haikubali kulala. Hata kwenye kichwa kimoja, wa kwenye paji si sawa na wa kisogoni. Mimi nashika nywele kutwa nzima. Ukiniambia ni upi, nitakuelewa."

"Basi chukua wa mtoto mchanga, mama." Daktari alikuwa anatabasamu sasa. "Upasue kwa urefu wake, mara kumi. Kipande kimoja tu kati ya hivyo ndicho unene wa utando ninaotaka kuubandua."

Msusi hakutabasamu. Aliutafuta ule unywele kichwani mwake, akaupasua mara moja, akaupasua tena, kisha ukampotea. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja mapajani kana kwamba vimeushika kweli. Hakuwa na neno la kuongeza, jambo ambalo mumewe alisema baadaye kwamba lilimtia hofu kuliko ugonjwa wenyewe.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Mtaa mzima ulimwita Timazi, kwa sababu hakuwahi kumwamini mtu yeyote kwamba ukuta umenyooka, hata awe kaujenga yeye mwenyewe, mpaka autundikie uzi wa timazi na kuuwekea pima maji, akaona kipovu chake kimetulia katikati. Jicho lake la kushoto lilikufa akiwa kijana, chokaa ilipomrukia, na tangu hapo alifanya kazi kwa lile la kulia peke yake na kujigamba kwamba jicho moja halina wa kubishana naye. Kisha kivuli kikaanza kuingia upande mmoja wa jicho hilo. Akasema ni vumbi. Kivuli kikaongezeka, naye akaendelea kusema ni vumbi, kwa kuwa alikuwa na kichwa kigumu na nyumba ya watu ya kumaliza.

Kilichomleta hospitali si kivuli. Ni ukuta. Siku moja alisimama mbele ya ukuta wake mwenyewe, akauona umejikunja katikati kama nguo iliyoanikwa vibaya, akapandwa na hasira, akachukua nyundo na kuubomoa. Mafundi wenzake walimzuia akiwa ameshavunja nusu. Wakauwekea pima maji ile nusu iliyobaki. Ulikuwa umenyooka, haukuwa na kasoro hata kidogo. Timazi alikaa chini kwenye kifusi akalia, na wale wenzake wakajifanya wanatafuta vitu vyao.

"Kwa hiyo si ukuta uliopinda," daktari alisema aliposimuliwa, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Ni pazia la nyuma ya jicho, lile tunaloita retina. Lilipasuka upande huu wa kulia, maji yakapita nyuma yake, likabanduka. Na kwa vile limekaa hivyo muda mrefu, kovu limeota juu yake. Kovu ni utando. Unalivuta pazia na kulikunja. Nikilirudisha bila kuutoa huo utando, litabanduka tena. Nikiuvuta kwa nguvu, nitalichana."

"Na usipofanya kitu?" Timazi aliuliza.

"Litazimika, mzee. Na hilo ndilo jicho ulilonalo."

Hakuwaahidi kitu. Msusi alimsikiliza kwa makini akitafuta ahadi iliyojificha katikati ya maneno, asiione, na kwa sababu hiyo akamwamini. Daktari alisema hatalifungua jicho. Angetoboa matundu matatu kwenye weupe wake, madogo kiasi kwamba hayahitaji kushonwa; yakishatumika hujifunga yenyewe. Tundu moja la kuingiza maji ili jicho lisinywee, moja la taa, na moja la koleo. Mwisho angelijaza jicho hewa maalumu, ili hewa hiyo ipande na kulikandamiza pazia mahali pake mpaka lishike. Na kwa kuwa kifua cha Timazi hakikuwa kizuri, asingelazwa usingizi. Jicho lingetiwa ganzi, yeye akiwa macho.

"Usitikise kichwa kwa lolote," daktari alimwonya. "Nikikuuliza kitu, usiitikie kwa kichwa. Usikohoe. Usiongee. Muuguzi atakushika mkono. Ukitaka kukohoa, mbinye kwanza, mimi nitatoa vyombo jichoni."

"Daktari," msusi alisema, "hayo mengine atayaweza. Hapo kwenye kutoongea ndipo mtakapotoka jasho."

Walicheka wote watatu, kicheko kifupi, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Siku yenyewe msusi alikaa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa vioo vya ukungu. Watu walipita na viatu vya plastiki visivyo na sauti. Alikuwa ameapa hatalia, akajikaza kisabuni, na muuguzi alipokuja kumwambia kwamba kazi imekwisha, ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameyasuka matamvua yote ya mtandio wake, kuanzia pembe moja hadi nyingine, mistari myembamba mno ambayo hakuna mteja ambaye angekubali kuikalia.

Timazi alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, jicho limefunikwa, uso ukitazama magoti. Msusi alichuchumaa ili amfikie.

"Umeongea?" alimwuliza, kwa sababu hilo ndilo lililomjia.

"Sikuongea," Timazi alinong'ona. "Mama watoto, nimeona."

Agizo la nyumbani lilikuwa moja: uso chini, mchana na usiku, mpaka watakapoambiwa vingine. Jambo hilo lilikuwa la msusi hasa. Kazi yake ilikuwa kushika vichwa vya watu vilivyoinama, na alijua shingo inachoka wapi, na mtu anapoanza kudanganya anaanzia bega gani. Alimtengenezea mahali katika chumba cha mbele, pale pale alipokuwa akisukia, kwa mabenchi mawili na mto alioutoboa katikati ili apitishe pua. Wateja wake wakaja kama kawaida, wakakisalimia kisogo cha Timazi, na Timazi akawaitikia akiwa anatazama sakafu. Baada ya muda akawa anawajua kwa miguu. Kuna mama mmoja aliambiwa na fundi aliyelala kifudifudi kwamba kiatu chake cha kulia kimelika upande, akaondoka amenuna.

Ilikuwa siku ile ya kwanza nyumbani, kesho yake baada ya upasuaji, mteja wa mwisho alipoondoka, ndipo Timazi alipomsimulia mkewe alichokiona.

"Nilidhani ni giza tu," alianza, akiongea na sakafu. "Kwanza nilisikia baridi ya maji. Halafu taa ikaingia. Si kwa mbele, mama. Iliingia kwa pembeni, kama mtu amefungua mlango wa chumba nilichomo mimi. Nikaona maji yanazunguka, na vumbi linaelea ndani yake, nikaona kijiti cheusi kimekuja. Kimesimama mbele yangu. Nilikiona na ncha yake."

"Kwa jicho gani?"

"Si hilo hilo!"

"Jicho lililokuwa linapasuliwa?"

"Hilo hilo linalopasuliwa. Ncha yake ina meno mawili, madogo. Ikawa inashuka pole pole. Inagusa, inaacha. Inagusa, inaacha. Nikajua huyu anatafuta ukingo. Ukitaka kubandua rangi ya zamani bila kuivunja plasta, lazima kwanza upate ukingo, ukikurupuka umeharibu. Akaupata. Akavuta, mama, lakini sijui kama naweza kusema alivuta. Mshale wa saa unakwenda mbio kuliko ule mkono. Na kile kitu kikaanza kuinuka. Kikaja chote, kama ngozi ya juu ya maziwa."

Msusi alikuwa ameacha kukunja taulo.

"Miaka yote hii nimepiga watu plasta ndani ya nyumba zao," Timazi alisema. "Jana mimi ndiye niliyekuwa nyumba. Nilitaka kumpongeza, nikakumbuka nimekatazwa. Machozi yalinijaa, nikaogopa hata kulia, nisije nikamharibia kazi."

Msusi alimkanda shingo. Moyoni alisema mzee wa watu ametia chumvi. Dawa za ganzi zina mambo yake. Kwa hiyo walipokwenda kuangaliwa aliliulizia jambo hilo kwa sauti ya chini, akitegemea kuombwa radhi kwa niaba ya dawa.

"Si ndoto," daktari alisema. "Wapo wanaoona. Si wote." Alivuta kiti, akakaa karibu na Timazi, akainama ili sauti yake imfikie huko chini. "Mzee, ile sehemu ya mwisho, karibu na katikati, uliiona?"

"Niliiona. Ulisimama."

"Nilisimama."

"Ukasimama sana. Nikasema huyu anaogopa."

"Niliogopa," daktari alisema. Muuguzi aliyekuwa akipanga dawa aligeuka. "Mimi huwa naangalia kwa juu, kwa darubini. Huko ndani sijawahi kufika, na sitafika. Hebu niambie, taa yangu ilikuwaje? Inaumiza?"

Basi Timazi akamsimulia yote, tangu baridi ya maji hadi ngozi ya maziwa, na daktari akamsikiliza mikono ikiwa imetulia mapajani, wagonjwa wengine wakingoja nje. Msusi aliwatazama wawili hao, mmoja akitazama sakafu na mwingine akimwinamia. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu ujana wao, na sasa mtu huyo alikuwa amefika mahali ambapo binadamu hafiki, tena bila kuondoka kitandani.

Siku hiyo agizo lilibadilika. Uso chini ulitosha. Sasa alale kwa shavu la kushoto tu. "Pale palipochanika ni upande wa kulia," daktari aliwaeleza. "Hewa hupanda juu siku zote. Nataka upande wa kulia uwe juu, ili hewa ipande pale na kupakandamiza. Alama nilizochoma kwa mwanga kuzunguka mpasuko, ili pazia ligande hapo, bado hazijakomaa. Zikikosa hewa mapema, maji yatarudi."

Walielewa wote wawili. Shida ni kwamba Timazi alielewa zaidi ya alivyoambiwa.

Hewa ilikuwa imeanza kupungua jichoni, kama daktari alivyosema itapungua, na mzee akaanza kuiona. Aliiona kama kipovu kikubwa chenye ukingo mweusi, kikitembea kila alipogeuza kichwa. Msusi alimsikia akicheka peke yake. Alipomwuliza kulikoni, alisema ana pima maji ndani ya jicho, kitu ambacho hakuna fundi yeyote mjini anacho. Msusi naye akacheka, akafurahi kumwona amechangamka, akaendelea na kichwa cha mteja.

Usiku huo alipoamka alimkuta mumewe amelala uso chini. Akasema moyoni, masikini, anazidisha dawa. Akamfunika bega. Kesho yake akamkuta hivyo tena mchana, akamsifu mbele ya mteja: mwanamume huyu, alisema, akiambiwa na daktari aende hatua moja, yeye anakwenda mbili. Timazi aliguna kwa raha chini ya mto.

Ni yule mteja, mwanamke mnyamavu ambaye hakuwa na nia mbaya na mtu, aliyeuliza baada ya siku kadhaa: "Kwani si ulisema anatakiwa alalie shavu?"

Kitana kilibaki kichwani mwa yule mwanamke. Msusi alisimama juu ya mumewe.

"Timazi."

Alimwita jina hilo pale tu mambo yalipokwenda mrama.

"Nakusikia."

"Mbona uso uko chini?"

"Kwa sababu ndiyo sawa. Nikilalia shavu, kipovu kinakimbilia pembeni. Kinakaa kwenye pua huko. Nikigeuka hivi, pole pole, kinarudi katikati kabisa. Nimekipima." Kulikuwa na fahari katika sauti yake. "Hakijatoka katikati siku zote hizi."

Msusi akakaa kwenye benchi. Mtu aliyeishi kwa kukiweka kipovu katikati, umri wake wote, alikuwa amekiweka katikati. Hewa ilikuwa imepaacha pale palipochanika pembeni siku hizo zote, na yeye, mkewe, aliyejua shingo ya kila mtu mtaani inapodanganya, alikuwa amemfunika bega na kumsifu.

"Baba watoto," alisema, "haikutakiwa kuwa katikati."

Timazi akaelewa, kwa sababu hakuwa mjinga.

"Nimebomoa tena," alisema.

Yule mteja aliondoka nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imesimama, akaenda kuwatafutia gari.

Hospitali hawakungoja. Daktari alimlaza Timazi, akajifunga taa ya kichwani, akashika kioo kidogo juu ya jicho na kuanza kutafuta. Alisema tazama juu. Alisema tazama kulia. Alisema tena kulia, zaidi, halafu akakirudisha kioo pale pale. Msusi alisimama ukutani. Alitazama ule mwanga ukiingia kwenye jicho la mumewe na kutoka, akataka kumwambia daktari aseme tu, hata liwe baya, aseme. Alijiona amemshika mkono mzee kumvusha barabara, leo, kesho, mpaka mmoja wao azikwe. Si kazi ya kumvusha iliyomtisha. Kilichomtisha ni kwamba mzee angeacha kubishana.

Daktari alizima taa.

"Kulikuwa na maji kidogo pembeni kabisa," alisema. "Yalifika kwenye alama za mwanga, yakaishia hapo. Hayakupita." Alivua taa ya kichwani, ilikuwa imemwachia mstari kwenye paji. "Pazia limeshika, mzee. Limekaa mahali pake lote."

Timazi alifunga jicho, chozi likapita kwenye sikio.

"Na kosa hilo ni langu pia," daktari aliendelea. "Nimewaambia watu wengi habari ya hewa. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kutaka kuiweka sawa. Sasa nitamwuliza kila mgonjwa anafanya kazi gani."

Akamkalisha kwenye mashine ya kupigia picha, kidevu juu ya chuma, paji limegusa mkanda. Hewa ilikuwa imeshuka kiasi cha kuacha nafasi. Mashine ilitoa mwanga mara moja, na kwenye kioo cha pembeni picha ikajaa. Daktari akamwita msusi kwa mkono.

Msusi alikuwa akitarajia kuona kitu cha kutisha, nyama au damu. Aliona uwanja mpana wa rangi ya udongo mwekundu, unaong'aa, na mishipa imetawanyika juu yake, myembamba zaidi na zaidi, mpaka macho yake yakashindwa kuifuata. Pembeni yalipangwa madoa yaliyochomwa kwa mwanga, safu kwa safu. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu ana mahali pazuri hivi ndani yake. Mzee huyu mbishi, anayekoroma, asiyejua soksi zake ziko wapi, alikuwa amebeba kitu hiki kichwani miaka yote, akikipitisha kwenye vumbi na chokaa bila kujua.

"Na hapa?" aliuliza. Katikati ya uwanja palikuwa na kivuli kidogo, cheusi kidogo kuliko pengine.

"Hapo ndipo niliposimama nikiogopa," daktari alisema. "Kwingine kote kunamsaidia tu asijigonge ukutani. Akitaka kuijua sura ya mtu, lazima sura hiyo iangukie hapo. Hana mahali pengine."

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Ni padogo kama kichwa cha pini."

"Na mimi?"

"Wewe hasa, mama. Kila alipokutazama, tangu siku ya kwanza alipokuona, uliangukia hapo."

Msusi alisogea karibu na kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Aliwaza siku zote alizomkasirikia, siku walizozika ndugu, siku alizocheka mpaka akashika ukuta, na sura yake ya ujana ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuisahau. Zote zilikuwa zimepitia hapo, na hapo palikuwa pazima.

"Mbona mmenyamaza?" Timazi aliuliza, kidevu bado juu ya chuma. "Kuna nini? Mnaangalia nini huko?"

"Tulia, usitikisike," msusi alimwambia, machozi yakimtiririka. "Naangalia ninapokaa."